Mahali pa kufanyia kazi nje ya nyumbani Dar es Salaam: mwongozo kamili, ukianzia na barabara yako

Anayefanyia kazi nyumbani Dar es Salaam anapambana na mambo ambayo mteja wake hayaoni. Jirani amefungulia spika tangu saa mbili asubuhi, fundi wa kuchomelea mageti yuko ukuta wa pili, na mwezi wa pili, bati likishapigwa na jua la saa tano, chumba hakikaliki. Juu ya hayo kuna ndugu wanaopita kusalimia kwa sababu wamesikia upo nyumbani. Hawana nia mbaya. Machoni pao aliyekaa na kompyuta sebuleni hayuko kazini, na gesi ikiisha anayetumwa ni yeye.

Naandika kwa ajili ya watu wa kazi hizo: mtafsiri, mbunifu wa picha, mhasibu anayeshika vitabu vya maduka matatu, mwandishi wa programu, mwanafunzi wa uzamili anayemalizia tasnifu. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni majina ya migahawa ya Masaki na Oysterbay. Kwa mkazi wa Masaki unafaa. Kwa mkazi wa Kimara, Tabata au Mbagala, ushauri huo unamla saa nyingi barabarani kila siku, na kahawa hata iwe tamu vipi haizirudishi.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia barabarani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na barabara kuu zinazowabeba zinatoka katikati ya mji zikitawanyika kama vidole: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere, ya Kilwa. Kusafiri ndani ya kidole chako kunavumilika. Kuvuka kutoka kidole kimoja kwenda kingine, kwa Mandela, Kawawa au Sam Nujoma, ndiko kunakomaliza nguvu kabla kazi haijaanza. Mahali pa wastani kwenye barabara yako patakufaa kuliko mahali pazuri ng'ambo ya jiji.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yako

Chukua kalamu uandike kazi zote ulizofanya wiki iliyopita, kisha uzigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi za kimya: kuandika, kuhariri, kukokotoa, kusoma. Hizi zinataka meza, mwanga na utulivu, na mtandao kidogo tu. La pili ni kazi za mtandao: kupakia mafaili makubwa, kutafuta taarifa, kufanya kazi ndani ya mifumo ya mteja. La tatu ni kazi za kuongea: vikao vya video, simu, usaili.

Watu wengi hushindwa kupata mahali kwa sababu wanatafuta mahali pamoja tu panapobeba mafungu yote matatu. Mahali hapo papo, lakini panalipiwa. Ukigundua kwamba sehemu kubwa ya wiki yako ni kazi za kimya na vikao ni viwili tu, huna haja ya kulipia ofisi mwezi mzima. Unahitaji maktaba kwa siku nyingi, na chumba chenye mlango kwa saa chache.

Hapo hapo andika saa za mteja wako. Hili halizungumzwi sana, ilhali ndilo linaloamua mengi. Mteja wa Nairobi au Kampala ana saa yako. Mteja wa London yuko nyuma yako kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao, na saa tatu wakati wa baridi. Mteja wa New York akiitisha kikao saa nne asubuhi kwake, kwako ni saa kumi na moja jioni, na baada ya wao kubadili saa mwanzoni mwa Novemba inakuwa saa kumi na mbili. Maktaba nyingi huwa zinafunga au zimeshafunga muda huo, na foleni ndiyo imekolea. Mwenye wateja wa Marekani atafute mahali pa jioni karibu kabisa na nyumbani, pa kwenda kwa miguu au kwa bajaji moja. Asubuhi anaweza kwenda mbali, jioni asithubutu.

Hatua ya pili: hesabu gharama ya kufika

Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Ukibadilisha gari mara moja unalipa mara mbili kwenda na mara mbili kurudi. Ongeza bodaboda ya kutoka kituoni, ongeza chakula cha mchana ambacho nyumbani ungekipika, zidisha kwa siku utakazotoka. Wapo wanaokimbia ada ya ofisi ya pamoja iliyo jirani huku wakitumia kiasi kile kile kwa nauli na chai za kukalia kiti.

Muda nao uuhesabu kama fedha. Mwenye kulipwa kwa kazi anayoikamilisha, saa mbili za foleni ni kurasa kadhaa ambazo hazikutafsiriwa. Usikadirie ukiwa nyumbani. Panda gari siku ya kazi, kwa muda utakaokuwa unaondoka kweli, uone inachukua muda gani. Jumapili barabara hudanganya.

Kwa wanaokaa njia ya Morogoro, mwendokasi ulioanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni umewasogeza karibu na katikati ya mji. Asubuhi mapema unajaa mno, na kusimama mlangoni na begi lenye kompyuta si salama. Ukiweza kuondoka saa tatu kasoro, msongamano wa waajiriwa ukiwa umepungua, fanya hivyo. Huo ni uhuru mmojawapo wa kazi yako, utumie.

Hatua ya tatu: yajue maeneo yaliyopo

Anza na maktaba. Nasisitiza kwa sababu watu wazima wengi waliacha kuingia maktaba walipomaliza shule, wakadhani ni ya wanafunzi tu.

Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, na iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ni ya umma. Anayetoka Kimara, Ubungo au Magomeni anashuka kituo cha mwendokasi cha DIT na kuifuata Bibi Titi kwa miguu. Ukifika, anza na dawati la mapokezi: ulizia utaratibu na ada ya uanachama na ya msomaji wa siku, ulizia mabegi yanaachwa wapi, na ulizia kama kompyuta mpakato inaruhusiwa kwenye chumba unachotaka kukaa na kama unaweza kuchomeka chaja. Maktaba ni mahali pa fungu la kwanza. Simu zima sauti, ikiita toka nje. Msimu wa mitihani hujaa, hivyo wahi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, kina maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018. Ina nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kuhifadhi vitabu 800,000. Kwa mwanafunzi au mhadhiri hakuna la kufikiria zaidi, hasa kama anakaa Ubungo, Changanyikeni, Makongo au Mwenge. Asiye wa chuo aende kuuliza kibali cha msomaji wa nje, akiwa na kitambulisho cha Taifa. Waliosoma pale zamani waseme hivyo mapema, husaidia mazungumzo. Vyuo vingine navyo vina maktaba, na aliye karibu na kimojawapo aulize vivyo hivyo kabla hajapanda gari kwenda mbali.

Upanga kuna vituo viwili vya utamaduni ambavyo watu hupita nje yake bila kuingia: Goethe-Institut ya Wajerumani na Alliance Française ya Wafaransa. Vyote vina maktaba ndogo na shughuli za umma. Si ofisi, na havikuwekwa kwa ajili ya kukaa kutwa, lakini kwa asubuhi mbili za kusoma na kuandika, hasa kwa anayejifunza mojawapo ya lugha hizo, ni mahali pa heshima.

Kwenye barabara ya Bagamoyo ndiko kulikojaa zaidi. Pale Sayansi, Kijitonyama, ndani ya jengo la COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuna kituo cha ubunifu cha Buni kilichoanza 2011 kwa ajili ya vijana wenye mawazo ya teknolojia. Mikocheni, eneo la Regent Estate, kuna SOMA, mgahawa wa vitabu unaopendwa na waandishi na wasomaji. Mikocheni hiyo hiyo, upande wa viwanda vidogo, kuna Nafasi Art Space, iliyopo tangu 2008, na wasanii wa uchoraji na uchongaji wana karakana zao humo. Kila mahali hapa pana walengwa wake. Ukienda Nafasi na daftari la mahesabu utakaribishwa kama mgeni. Ukienda na turubai utakuwa nyumbani.

Kisha kuna ofisi za pamoja, ambapo unalipia meza kwa siku, wiki au mwezi. Nyingi ziko Masaki, Msasani, Mikocheni, Victoria na katikati ya mji kwenye maghorofa marefu. Hufunguliwa, hufungwa na kuhama mara kwa mara, kwa hiyo usiamini taarifa ya mwaka juzi: piga simu kwanza. Maswali ya kuuliza yasiyokwepeka ni haya. Je, vikao vya video vina chumba chake, au kila mtu anaongea mezani? Saa za chumba cha kikao zimo ndani ya ada? Jenereta inawasha viyoyozi au taa tu? Jioni mnafunga saa ngapi, na Jumamosi je? Je, naweza kulipia siku moja ya majaribio? Anayekataa siku moja ya majaribio, mimi simlipi mwezi.

Maduka makubwa nitayapitia haraka. Mlimani City, iliyofunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu pale Sam Nujoma, ina migahawa kadhaa, na kwa watu wa Mwenge, Ubungo na Sinza ni rahisi kufika. Slipway na Sea Cliff zina upepo wa bahari na bei zake. Asubuhi ya katikati ya wiki maeneo haya yana utulivu, mwisho wa mwezi na wikiendi hayana.

Hatua ya nne: nenda ukakague

Usiende na kazi ya haraka siku ya kwanza. Nenda kukagua tu, na uende mara mbili: saa tatu asubuhi na tena saa saba mchana. Mgahawa uliokuwa kimya kama msikiti baada ya swala ya alfajiri unaweza kuwa soko wakati wa chakula.

Angalia soketi ziko wapi, kisha uzijaribu. Soketi nyingi za ukutani kwenye migahawa zimekufa, au ndiko friji ya soda imechomekwa. Beba ekstensheni fupi yenye swichi, lakini omba ruhusa kabla ya kuitumia. Angalia jua: kiti kinachopendeza saa tatu kinaweza kuwa juani kabisa saa nane. Angalia kimo cha meza, maana zile meza fupi za sofa zitakuumiza mgongo kabla ya wiki kuisha. Angalia choo, na kama kina maji. Wanawake waangalie pia njia ya kutokea jioni: taa zipo, bajaji zinapatikana mlangoni, au ni lazima utembee uchochoroni?

Mtandao upime mwenyewe. Fungua tovuti yoyote ya kupimia kasi, tazama namba ya kupakua na hasa ile ya kupakia, kwa sababu video yako kwenye kikao inategemea kupakia. Kikao cha watu wengi kinataka kama megabiti 3 kwa sekunde kila upande ili kiende bila kukwama. Pima ukiwa kwenye kiti utakachokalia, watu wakiwa wamejaa. Ruta iko kaunta, wewe uko baraza la nyuma: kasi si ile ile.

Mwisho sikiliza. Kelele za watu wanaoongea unaweza kuzizoea, ila televisheni ya mechi za marudio na mashine ya kusagia juisi huzoei.

Hatua ya tano: beba umeme wako na mtandao wako

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Mgao ule wa ratiba umepungua sana. Kukatika kwa hitilafu ya laini au transfoma ya mtaa bado kupo, na mvua ikinyesha kwa nguvu ndiyo zaidi. Kwa hiyo toka nyumbani betri ikiwa imejaa, simu imejaa, na pawabenki imejaa. Kama betri ya kompyuta yako haimalizi saa mbili, fedha ya kwanza utakayopata iende kwenye betri mpya, kabla ya kulipia ofisi yoyote.

Kwa mtandao, weka laini mbili za kampuni tofauti, na zichague kwa eneo unalofanyia kazi, maana kampuni inayoruka Sinza inaweza kutambaa Kigamboni. Waifai ya bure itumie kwa mambo mepesi, na kikao muhimu kifanye kwa bando lako. Kikao cha video kinaweza kula GB 1 kwa saa au zaidi, sauti peke yake hula kidogo sana. Mwombe mteja mapema kwamba utazima kamera baada ya salamu. Wateja wengi hawana shida na hilo wakielezwa.

Laini mbili hazitoshi kwa kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na mtandao ukazorota Tanzania na nchi jirani kwa kampuni karibu zote, kwa sababu zinategemea njia zile zile chini ya bahari. Siku ya namna hiyo anayefanya kazi ni yule mwenye mafaili ndani ya kompyuta. Kila jioni pakua kazi ya kesho, kamusi zako, barua za maelekezo na marejeo. Kaa na fungu moja la kazi za kimya ambalo halihitaji mtandao kabisa.

Kuna jambo la sheria pia. Wengi wanaofanyia kazi kampuni za nje hutumia VPN, yaani programu inayoficha mawasiliano yako mtandaoni, na kwenye waifai ya mgahawa ni kinga nzuri. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaotumia VPN waitolee taarifa. Kama mwajiri wako anakulazimisha kuitumia, mwambie hili ili mfuate utaratibu pamoja. Na kama unashika taarifa za wateja, mishahara ya watu au majalada ya wagonjwa, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kaa mgongo ukiwa ukutani, weka nywila kwenye kompyuta, na usiiache mezani ukienda chooni. Ibebe, hata kama kiti kitachukuliwa.

Hatua ya sita: elewana na wenye mahali

Hapa ndipo mahali hupatikana au hupotea. Ingia, salimia kwanza: mlinzi mzee mpe shikamoo yake, wahudumu waulize habari za kazi. Kisha sema nia yako kabla ya kufungua begi. Inatosha kusema: "Dada, samahani, nina kazi ya kuandika kama saa tatu. Naweza kukaa ile meza ya pembeni? Chai na kitafunwa nitachukua sasa hivi, na chakula cha mchana nitakula hapa hapa." Utashangaa milango inavyofunguka. Wanachochukia wahudumu ni mtu anayejificha na kikombe kimoja kutwa, huku wateja wa chakula wakikosa meza.

Kaa meza ndogo, si ile ya watu sita. Agiza kitu kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, kama pamejaa, inuka mwenyewe bila kungoja kuambiwa: nenda katembee, kaswali, kapige simu zako, urudi saa nane. Mpe anayekuhudumia bakshishi kidogo mwisho wa wiki. Jifunze majina yao. Baada ya muda utakuta meza yako imewekwa, na siku mtandao ukiwa mbovu utapigiwa simu usije.

Zingatia kalenda ya jiji. Ijumaa mchana mitaa yenye misikiti mikubwa hujaa magari, panga kikao chako kabla au baada. Mwezi wa Ramadhani baadhi ya migahawa hufunga mchana, hasa Kariakoo na Ilala, na iliyofunguliwa huchangamka usiku. Anayefanya kazi na Wamarekani anaweza kufaidika na saa hizo za baada ya futari.

Vikao vya sauti kubwa usivifanyie mezani. Toka nje, au kodi chumba kwa saa moja. Kama huna budi kukaa, vaa vipokea sauti vya masikioni na uongee kwa sauti ya chini, maana mhudumu na meza ya jirani hawakuomba kusikia bajeti ya mteja wako.

Begi liwe la kawaida, lisilopiga kelele kwamba lina kompyuta. Kwenye daladala lipakate mapajani, usilitundike mgongoni, na simu usiishike dirishani. Ukitembea kando ya barabara, begi likae upande wa ukuta, maana wakwapuaji hupita na pikipiki. Nakala ya kazi iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski iliyobaki nyumbani.

Hatua ya saba: panga wiki ya kawaida, na wiki ya mvua

Tuseme unakaa Kimara, wewe ni mtafsiri, na una mteja mmoja wa Uingereza. Jumatatu na Jumatano unapanda mwendokasi kwenda Maktaba Kuu kwa kazi za kimya. Jumanne unalipia meza ya siku kwenye ofisi ya pamoja iliyo kwenye njia yako, na vikao vyote vya wiki unavirundika siku hiyo moja. Alhamisi unakuwa mgahawa wa mtaani kwako, ukijibu barua na kusahihisha. Ijumaa unabaki nyumbani na kazi nyepesi. Hapo umelipia ofisi siku moja, na nyumbani wameanza kuona kwamba siku nyingine nne una pa kwenda.

Masika, Machi hadi Mei, mpango huu hubadilika. Bonde la Msimbazi likifurika, barabara hukatika pale Jangwani, mwendokasi husitishwa, na mji hugawanyika mara mbili. Vuli, Oktoba hadi Desemba, nayo ina siku zake. Weka mahali pa mvua: pa kufika kwa miguu, hata kama pana meza mbovu. Wingu likiwa zito alfajiri, usibishane nalo.

Hatua ya nane: kama kwenu hakuna kitu, tengenezeni

Nimeyataja maeneo mengi ya Kinondoni, na ukweli ni kwamba ndiko yaliko. Anayekaa Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, Bunju ndani au Kigamboni mbali na kivuko anaweza kuona orodha hii haimhusu. Kwake njia ni kutafuta chumba kisichotumika saa fulani, na vyumba hivyo vimejaa mitaani. Kituo cha masomo ya ziada huwa tupu asubuhi hadi watoto watoke shule. Ukumbi mdogo wa kanisa huwa tupu siku za kazi. Baa yenye bustani haina mteja kabla ya saa nane mchana. Lodge ya mtaani ina mapokezi yenye meza, feni, mara nyingi jenereta, na mhudumu aliyekaa bila kazi. Steshenari kubwa ina kompyuta, printa na mtandao tayari.

Nenda kwa mwenyewe, si kwa kijana wa zamu. Mweleze unafanya kazi gani, mwonyeshe kitambulisho, mpe pendekezo la fedha kwa wiki badala ya siku, na ulipie LUKU kidogo juu yake. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Mmoja akikukatalia nenda kwa wa pili. Mwenye baa atashangaa kidogo siku ya kwanza, na wiki ya pili atakuwa anakuulizia ukichelewa.

Mkiwa watatu au wanne wa mtaa mmoja, fikirieni fremu. Chumba cha duka kando ya barabara ya mtaa, meza nne, feni mbili, ruta moja. Kabla ya kulipa, kagueni na mwenye fremu mambo haya: mita ya LUKU ni yenu peke yenu au mnachangia na saluni ya jirani? Geti la chuma lipo na funguo zote mtapewa? Choo kiko wapi? Jirani wa kushoto na kulia wanafanya biashara gani, na wanafungulia muziki? Wenye fremu wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Jaribuni kuomba mitatu, mkiahidi kurefusha. Mkataba uandikwe, hata kama mwenye fremu ni baba yenu mdogo. Pango la biashara lina kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani inayokatwa kwenye pango kabla mwenye fremu hajalipwa, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anaipeleka TRA, mamlaka ya mapato, na mkitundika bango nje tarajieni maofisa wa halmashauri kuja kuulizia leseni.

Baina yenu wenyewe andikeni ukurasa mmoja pia. Nani anashika funguo, nani ananunua umeme, simu zinapigiwa ndani au nje, mgeni anaruhusiwa saa ngapi, na nani anafagia lini. Andikeni vilevile itakuwaje mmoja akiondoka kabla ya miezi kuisha: atoe taarifa ya mwezi mmoja, atafute wa kuchukua nafasi yake, au sehemu yake ya kodi ibaki kwa wenzake. Meza na kiti alivyonunua mwenyewe aondoke navyo.